Ribiti za kugonga au za kuvuta: chagua kabla hujanunua bati la kwanza

Mtu akiniambia anataka kuunda ndege ya bati nyumbani kwake, simuulizi ataweka injini gani wala anataka iende kasi gani. Namuuliza kama ana mtu wa kumshikia chuma upande wa pili wa bati. Jibu lake ndilo linaloonyesha anunue seti ya ndege gani, kwani ndege hizi zimegawanyika makundi mawili kwa jinsi bati linavyofungwa kwenye mbavu: kuna za ribiti za kugonga, na kuna za ribiti za kuvuta, zile ambazo mafundi wetu huziita pop riveti. Injini utaifunga kwa wiki chache. Ribiti utakaa nazo mwaka, miwili, pengine mitano, jioni baada ya jioni, na kama hupatani nazo ndege itabaki mifupa gerejini.

Nimefanya zote mbili kwa mikono yangu. Ujanani nilikuwa fundi wa bodi za mabasi Tanga, na huko bati la ubavuni tulilifunga kwa pop riveti kutoka mlango wa dereva hadi taa za nyuma. Baadaye nilihamia Ohio, na gerejini kwangu nikaanza kuunda RV-7, ndege ya viti viwili ya kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, ambayo karibu yote ni ribiti za kugonga. Mtaa wa pili kuna rafiki yangu aliyenunua Zenith CH 750, ndege ya ribiti za kuvuta, na Jumamosi nyingi huwa niko kwake. Ninachoandika hapa ndicho ninachomwambia kila anayekuja kuchungulia gerejini na kuuliza aanzie wapi.

Ribiti ya kugonga

Ribiti hii ni kipande kimoja cha aluminiamu: kichwa na shina, basi. Unaipitisha kwenye tundu, nyundo ya hewa inapiga kichwa kutoka nje, na ndani kuna mtu aliyeegemeza kipande kizito cha chuma kwenye ncha ya shina. Kwa kila pigo ncha inajigonga kwenye kile chuma, inabonyea, inatanuka, mpaka inakuwa kichwa cha pili. Wakati huohuo linatokea jambo ambalo macho hayalioni: shina lenyewe linavimba ndani ya tundu na kulijaza pande zote. Nguvu ya ribiti hii inatoka hapo. Mabati mawili hayana pa kuteleza hata unywele mmoja.

Kwenye pakiti utakuta maandishi kama AN426AD3-3.5, na mgeni huyaona kama maandishi ya kichawi. Yanasomeka kirahisi. AN426 ni ribiti ya kichwa bapa kinachozama sawasawa na bati, chenye mteremko wa nyuzi 100. AN470 ni ile ya kichwa cha mviringo kinachobaki juu. AD ni aina ya aluminiamu iliyotumika, 2117, nayo utaitambua kwa kidoti kilichobonyea katikati ya kichwa. Tarakimu 3 ni unene wa shina, 3/32 ya inchi, karibu milimita 2.4, ingekuwa 4 ni 1/8 ya inchi, karibu milimita 3.2. Ya mwisho ni urefu, ukihesabu kwa sehemu za kumi na sita za inchi. Ukishazijua namba hizo unaweza kusoma ramani ya RV nzima.

Kipimo cha ribiti iliyokaa vizuri nacho ni cha kukariri. Kabla ya kugonga, shina lichomoze nje ya bati kwa mara moja na nusu ya unene wake. Baada ya kugonga, kichwa cha pili kiwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wa shina, na kimo cha nusu yake. Kwa ribiti ya 1/8 hiyo ni karibu milimita 4.8 kwa 1.6. Nina kipande kidogo cha bati chenye tundu na ngazi za vipimo hivyo, nakipitisha juu ya kila ribiti, na kila jioni kinalala mfukoni mwa ovaroli.

Sasa nikuonyeshe inavyokuwa. Mke wangu ndiye anayenishikia chuma. Mkia wa RV-7 ni mwembamba na yeye ana mabega membamba, kwa hiyo hujilaza ndani ya kiwiliwili, godoro chini yake, taa kwenye paji la uso, vizibo masikioni. Mimi niko nje. Nimebandika ukanda wa karatasi juu ya vichwa vya ribiti ili visianguke na nyundo isichubue bati.

"Tayari, Mama Salma?"

"Bado, chuma kimekaa upande. Ngoja." Nasikia mkwaruzo mdogo. "Haya, piga, Baba Salma."

Nabonyeza kwa muda wa kama sekunde moja. Mlio unaanza ukiwa mzito, kama kugonga mbao, kisha unapanda na kuwa mkavu. Mlio ukishakauka, ribiti imekaa, ukiendelea unaiponda. Naachia kidole. Kisha nasubiri anigongee kwa kile chuma: mara moja maana yake ongeza, mara mbili ni safi, mara tatu ni itolewe. Ndizo ishara walizotumia wagonga ribiti wa viwanda vya ndege tangu zamani, kwa sababu ukiwa umeziba masikio maneno hayafiki. Ko, ko. Tunahamia inayofuata.

Siku tunazoelewana, tunafunga mstari mzima bila kutamka neno. Siku mmoja wetu ana hasira za kazini, ribiti zinasema. Mwezi wa tatu wa kazi nilibonyeza kabla hajaniambia nipige. Chuma kilikuwa kimeinama, ncha ya shina ikalala upande kama mshumaa ulioyeyuka, na nyundo yangu ikateleza ikaacha alama ya mwezi mchanga kwenye bati jipya kabisa. Ribiti tuliitoa. Ule mwezi mchanga bado upo, chini ya mkia upande wa kushoto, na nimeamua kutouficha kwa rangi nzito.

Ribiti ya kuvuta

Hii ni bomba dogo lenye kichwa, na katikati yake umepita msumari wenye uvimbe mwishoni. Unaitia kwenye tundu kutoka nje, unaishika kwa bunduki ya kuvutia, unabana. Msumari unarudi nyuma, uvimbe wake unalifungua bomba kwa upande wa ndani, mabati yanabanwa, na nguvu ikifika kiwango chake msumari unakatika: tak! Kila kitu kimefanyika kutoka upande mmoja. Hakuna mtu ndani, hakuna godoro, hakuna taa ya paji la uso.

Zenith wanatumia saizi mbili tu karibu ndege nzima, 1/8 na 5/32 ya inchi. Chris Heintz, mhandisi aliyezibuni ndege hizi, alifanya jambo ambalo mimi naliona ni la akili sana: anachukua ribiti yenye kichwa bapa, kisha mdomo wa bunduki unachongwa uwe na kishimo, ili wakati wa kuvuta kichwa kifinyangwe kiwe cha mviringo na kulikumbatia bati vizuri. Kule Tanga hatukuwahi kufikiria hivyo. Tulivuta tu kama ribiti zilivyotoka kiwandani, na basi likishatembea miezi michache barabara za vumbi, ribiti za milango zilianza kucheza.

Hapo niseme wazi, kwa kuwa mafundi wengi wa nyumbani wakisikia "pop riveti" wanafikiria zile za boksi la dukani. Ribiti za ndege si hizo. Aina ya aluminiamu inajulikana, nguvu zake zimepimwa, na mbunifu amehesabu ngapi zikae kila sentimita. Sonex, ndege iliyobuniwa na John Monnett wa Oshkosh, inatumia ribiti za kuvuta za chuma kisichoshika kutu, nazo zina nguvu nyingi. Hata Van's, mabingwa wa kugonga, walipobuni RV-12 walihamia kwenye za kuvuta ili mtu asiye na uzoefu aweze kuimaliza.

Kazi ya mtu mmoja, kazi ya wawili

Hapa ndipo kwenye uzito wote wa uamuzi, na ndiyo maana nimeanza napo.

Rafiki yangu wa Zenith ni mjane. Watoto wake wako miji mingine. Anarudi kazini saa moja jioni, anakula, anaingia gerejini, na kabla ya kulala amevuta ribiti mia moja au mia mbili bila kumwita mtu. Bunduki yake ya hewa hailii zaidi ya kufungua chupa ya soda. Jirani wa ukuta mmoja hajui kama pale pembeni yake pana ndege.

Mimi siwezi hivyo. Nyundo ya hewa ni bunduki ya kelele. Baada ya saa mbili usiku siigusi, nikiheshimu majirani, na Mama Salma akiwa na zamu hospitali mimi hufanya kazi nyingine: kutoboa, kusafisha matundu, kupaka praima. Nikijumlisha, zaidi ya nusu ya jioni zangu hazigongi ribiti hata moja. Kama nyumbani kwako hakuna mtu aliye tayari kwa moyo wake, si kwa kubembelezwa, basi ndege ya kugonga itakuchelewesha kwa miaka, au itakugombanisha na watu.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaisemi vya kutosha: koleo la kuminya. Lina taya mbili, moja inakaa kwenye kichwa, nyingine kwenye ncha ya shina, unaminya kwa mkono au kwa hewa, na ribiti ya kugonga inakaa kimya kabisa, kila moja sawa na mwenzake. Mtu mmoja anatosha. Kasoro yake ni kwamba taya hufika pale tu zinapofika: kingo za bati, mbavu kabla hazijavikwa, viungo vya pembeni. Katikati ya bawa hakuna ujanja. Ila kwenye RV yangu nimekuta kazi ya koleo ni kubwa kuliko nilivyodhani, na ningerudi nyuma ningelinunua la hewa siku ya kwanza.

Nguvu, uzito na kasi

Ribiti ya kugonga ya 1/8 ya inchi, aina ya AD, inabeba pauni 388, karibu kilo 176, kabla haijakatwa na mabati yanayovutana pande mbili. Ile ya 3/32 inabeba pauni 217, karibu kilo 98. Ribiti ya kuvuta ya aluminiamu ya unene huohuo ina nguvu pungufu ya hapo, kwa sababu ni bomba, katikati hapana nyama. Mbunifu analijua hilo. Anaweka ribiti nene zaidi au anazisogeza karibu, na ndege inatoka imara. Kwa hiyo usimsikilize anayekuambia kwamba ndege ya ribiti za kuvuta ni dhaifu. Udhaifu unaingia pale fundi anapobadilisha aina moja kwa nyingine bila ruhusa ya mbunifu, na hilo nitalirudia mwishoni.

Bei ya ribiti zenyewe ni nafuu upande wa kugonga. Zinauzwa kwa uzito, kama misumari, na ukiharibu kumi hulii. Za kuvuta za daraja la ndege unazihesabu moja moja, na zile zenye kufuli la msumari zinazotumika pahali pa mzigo mkubwa ni ghali hasa. Vifaa ni kinyume chake. Kwa kuvuta, bunduki ya hewa, kompresa ndogo, drili na zile pini za Cleco za kushikilia bati kwa muda vinakutosha. Kwa kugonga unahitaji nyundo ya hewa, vikombe vyake vya saizi tofauti, vyuma vya kukinga vya maumbo matatu au manne, koleo la kuminya, kalibu za kubonyeza matundu na fremu yake. Hapo unazungumzia dola elfu mbili na kuendelea kabla hujagusa bati. Faraja ni kwamba vifaa hivi havichakai. Anayemaliza ndege yake humuuzia anayeanza.

Kasi nayo ina sauti yake. Kichwa cha ribiti kinachochomoza ni kikwazo kidogo kwa upepo, na vichwa elfu kadhaa ni vikwazo elfu kadhaa. Howard Hughes alipoiunda H-1 mwaka 1935 alizamisha ribiti zake zote sawasawa na bati, na mwaka huohuo ikavunja rekodi ya dunia kwa ndege za nchi kavu, maili 352 kwa saa. RV-7 inafuata njia hiyohiyo, na ikiwa na injini ya nguvu za farasi 180 inapita kilomita 300 kwa saa. CH 750 inatembea kama nusu yake. Lakini CH 750 imeundwa kuruka na kutua kwenye uwanja mfupi wa nyasi, na kwa mwendo huo vichwa vya ribiti havimpunguzii mwenyewe kitu cha kumkosesha usingizi. Mtu asinunue ugumu wa kuzamisha ribiti kwa ajili ya ndege isiyokimbia.

Kubonyeza au kuchimba

Ukichagua ndege ya ribiti bapa, unakutana na uchaguzi wa pili, na huu sikuuelewa mpaka nilipoharibu kipande.

Kichwa kinachozama kinahitaji mahali pa kukaa. Unaweza kuchimba mdomo wa tundu kwa kinoleo chenye kizuizi cha kina, au unaweza kulibonyeza bati lenyewe kwa kalibu mbili, dume na jike, likawa na kishimo chenye mteremko uleule wa nyuzi 100. Kuchimba ni haraka na kunavutia macho. Lakini kunakula bati. Kwa ribiti ya 3/32, bati likiwa chini ya milimita 0.8, inchi 0.032, ukichimba utafika chini na tundu litabaki na ukingo mkali kama wembe. Mabati mengi ya nje ya RV ni milimita 0.5 hadi 0.8. Kwa hiyo huku ni kubonyeza, na kuchimba kunabaki kwenye boriti na vipande vinene vya ndani.

Ukingo ule mkali si jambo la urembo. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyokuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu ilipasuka paa angani, kipande kikubwa cha juu kikang'oka, mhudumu mmoja akapeperuka na kufa. Ndege hiyo ilikuwa imeruka na kutua karibu mara 90,000. Gundi iliyosaidia kushikilia mabati ilikuwa imeachia, mzigo ukahamia kwenye ribiti, na nyufa zikaanzia kwenye matundu yaliyochimbwa mpaka yakawa na kingo za wembe. Ndege zetu ndogo hazijazwi hewa ya presha kama ile, na hazitaruka mara 90,000. Hata hivyo metali huchoka kwa njia ileile, na ufa huanzia palepale: kwenye tundu.

Ndiyo maana kusafisha tundu ni nusu ya kazi, iwe utagonga au utavuta. Drili huacha meno madogo kuzunguka mdomo. Pitisha kidole utayahisi. Ukibonyeza tundu lenye meno, ufa unaweza kuanza hapohapo, mwembamba kuliko uzi wa buibui. Mimi huzungusha kinoleo mara moja au mbili tu, kwa mkono mwepesi, pande zote mbili. Ukizidisha unachimba bila kukusudia.

Ukikosea

Utakosea. Swali ni kutoka kwenye kosa kunagharimu nini.

Ribiti ya kugonga inatolewa kwa utulivu. Kile kidoti cha katikati ya kichwa ni mwanzo mzuri wa drili. Unatoboa kwa kina cha kichwa tu, kwa kipenyo cha tundu lilelile, unatia pini ndani yake na kukivunja kichwa kwa kukiegemeza kando, kisha unalisukuma shina nje huku mwenzako akikinga bati kwa nyuma. Ukiwa na subira tundu linabaki la saizi yake. Ukikosa subira linakuwa umbo la yai, na hapo itabidi upande saizi, na kupanda saizi kunaweza kukusogeza karibu mno na ukingo wa bati. Kanuni ni kwamba katikati ya tundu ikae mbali na ukingo kwa angalau mara mbili ya unene wa ribiti. Kwa 1/8 ya inchi hiyo ni milimita 6.4, na seti nyingi hazina nafasi ya ziada.

Ya kuvuta inasumbua kwa namna nyingine. Kwanza unausukuma nje msumari uliobaki ndani, kisha unatoboa kichwa, na mara nyingi ribiti nzima inaanza kuzunguka pamoja na drili bila kukatika. Ikikubali, mabaki yanaangukia ndani ya bawa. Nimemsaidia rafiki yangu kutikisa bawa zima, mmoja huku mwingine kule, mpaka vipande viwili vya msumari vikatoka kwenye tundu la ukaguzi. Vitu hivyo haviachwi ndani ya bawa lenye nyaya za usukani.

Tofauti kubwa zaidi ni ya ukaguzi. Kichwa cha pili cha ribiti ya kugonga unakiona na kukipima. Kikiwa kibaya kinajionyesha. Ya kuvuta imejificha. Kama tundu lilikuwa kubwa kidogo au mabati hayakugusana, kwa nje inaweza kuonekana salama kabisa. Kwa hiyo anayevuta hana budi kuwa mkali kabla ya kuvuta: tundu la kipimo sahihi, Cleco za kutosha, mabati yamekutana bila mwanga kupita. Anayegonga anaweza kujihakikishia baada ya kazi.

Kwa walio karibu na bahari

Nimeulizwa hili na ndugu aliye Mombasa, na lastahili jibu. Zenith na Sonex hutumia aluminiamu ya 6061, ambayo inastahimili hewa ya chumvi vizuri. RV hutumia 2024, yenye nguvu zaidi lakini inayoliwa na kutu upesi ikiwa wazi, ndiyo sababu mabati yake yamevikwa tabaka jembamba la aluminiamu safi. Kila mkwaruzo unaopenya tabaka lile ni mlango. Ribiti ya kugonga ina faida hapa: ni aluminiamu ndani ya aluminiamu na imejaza tundu. Ya kuvuta inaweza kuacha kitundu katikati, maji ya chumvi yakaingia, na kama ribiti ni ya chuma kisichoshika kutu, metali mbili zisizofanana zikilowa pamoja ni aluminiamu inayoliwa. Dawa ipo, nayo ni praima kwenye kila uso unaogusana na tone la gundi ya kuziba kwenye kila kitundu. Inaongeza wiki kadhaa za kazi. Pwani usiziruke.

Ningekushauri nini

Kama uko peke yako, au unaishi ukuta kwa ukuta na watu, au muda wako ni wa saa moja moja, chukua ndege ya kuvuta. Usijione umechukua njia ya chini. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunda Sling 4, ndege ya viti vinne ya ribiti za kuvuta, kisha ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo. Bara zima la joto, vumbi na mvua.

Kama una mwenzi wa kazi, unataka ndege ya kasi, na unapenda kazi ya mkono ambayo unaipima moja moja hadi mwisho, chukua ya kugonga. Mimi ningeichagua tena. Zile jioni mbili kwa wiki ndani ya gereji, mimi nje na Mama Salma ndani, zimekuwa mazungumzo yetu.

Ila ukishachagua usichanganye kwa akili yako. Hata RV-7 yangu ina ribiti chache za kuvuta, mahali ambapo mkono haufiki, na kila moja imeandikwa kwenye ramani kwa jina na saizi. Mahali pasipoandikwa, mwandikie mbunifu umuulize. Na kama unaunda Kenya au Tanzania, nenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kulipia chochote, ili ujue watataka kukagua nini na lini. Bawa likishafungwa hakuna anayeweza kuona ndani bila kutoboa.

Ukiwa bado hujaamua, tenga Jumamosi moja. Tafuta mabati mawili ya mabaki ya nusu milimita, azima vifaa, utoboe matundu mia moja. Hamsini ugonge na mtu wako, hamsini uvute peke yako. Pima zile za kugonga zote. Halafu kesho yake, mkono ukiwa bado unauma, toa kumi za kila upande bila kuharibu tundu hata moja, na uangalie ni upande gani uliokufanya usahau chakula cha mchana.